Siku za Choo Cheusi

Siku Audax alipomvunja mkono Mwanakombo ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, na wali ulikuwa umepaliwa makaa uani.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kinondoni, ya udongo na paa la madebe yaliyopasuliwa, vyumba sita na ukumbi katikati. Mwenye nyumba alikuwa Mwanakombo, mjane wa Kizaramo aliyepita miaka hamsini kidogo. Audax na mkewe Demetria, Wakerewe, walipanga chumba cha mwisho pamoja na binti yao Avelina wa miaka tisa. Audax alikuwa seremala katika karakana ya serikali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tumbo lililochomoza upande wa kushoto kwa bandama, na kwa miaka sita hakuna mpangaji aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Hadi mwaka huo wa 1955.

Tangu Alhamisi miguu yake ilikuwa haina nguvu ya kufika chooni uani, akawa anajisaidia kwenye debe chumbani. Demetria alilifunika debe kwa gunia akapita nalo ukumbini, akiomba asikutane na mtu. Kilichokuwamo kilikuwa cheusi ti, kinanata kama lami ya barabara, kinanuka damu iliyochacha. Alikuwa amekiona mara mbili kabla ya hapo, Januari na tena wakati wa Kwaresima. Mara zote mbili, siku moja au mbili baadaye, mumewe aligeuka mtu mwingine. Mara ya kwanza alimchapa kwa mkanda mpaka mkanda ukakatika. Mara ya pili alimkaba koo akaona giza, kisha akamwachia, akalala, na alipoamka akaomba uji kama mtu aliyetoka safari. Demetria alijifunga kanga shingoni wiki nzima, akawaambia watu ana mafua.

Hakumwambia mtu ukweli. Angesema nini? Kwamba choo cha mume wake kikiwa cheusi, yeye hupigwa?

Safari hii alijitahidi kujikinga. Asubuhi ile alichukua nyundo, patasi na msumeno, akavificha chini ya gunia la makaa jikoni. Alilisahau komeo la mlango, kipande cha mninga chenye urefu wa mkono, alichokichonga Audax mwenyewe.

Audax alitoka nalo uani. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana, macho yamemwiva, na kiganja chake kitupu kilikuwa kinapigapiga hewani chenyewe, kama cha mtu anayekung'uta maji. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamutamu ya kitu kilichoanza kuoza.

"Nani kaiba mtumbwi wangu?" aliuliza.

"Baba Avelina, rudi ndani ulale," Demetria alisema, akiinuka taratibu mekoni. "Hapa hakuna mtumbwi. Tuko Kinondoni."

"Wewe ndiye umewaonyesha ulipo."

Komeo lilimpata Demetria juu ya sikio. Alianguka juu ya sufuria, wali ukamwagika, makaa yakatawanyika kwenye mchanga. Avelina alipiga yowe, akakimbilia nyuma ya pipa la maji. Audax alimwinamia mkewe, akampiga tena begani, tena mgongoni, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari. Demetria alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni huku kiganja kimoja kimekandamiza kaa la moto, na hakuhisi.

Mwanakombo alitoka chumbani na kanga yake ya kusalia ikiwa bado kichwani.

"Audax! Audax baba, utaua! Mwogope Mungu!"

Aliingia katikati akainua mkono alidake komeo. Audax alilishusha. Uani pale kila mtu alisikia mfupa ukikatika, mlio mkavu kama wa kuni. Mwanakombo aliutazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo, akaketi chini bila kulia.

Jabiri ndiye aliyelia. Alikuwa mdogo wake Mwanakombo, kuli wa bandarini, mwenye mabega ya kubebea magunia mawili. Alikuwa barazani anasubiri chakula. Alipoingia uani na kumwona dada yake chini, alimrukia Audax kifuani, wakaanguka wote kwenye majivu. Majirani waliruka ua wa makuti. Mmoja alikuja na mchi, mwingine na mnyororo wa baiskeli. Walimpiga kichwani, walimpiga miguuni, na kila alipojaribu kuinuka walimrudisha chini kwa mateke.

"Tumboni msimpige!" Demetria alipiga kelele. "Jamani, ana bandama! Msimpige tumboni!"

Hakuna aliyemsikiliza. Basi alijitupa juu ya mumewe, akalifunika tumbo lile kwa mwili wake. Mchi ulishukia kiuno chake. Teke lililofuata lilimpata mdomoni, akatema jino.

Hapo Audax akatapika. Hayakuwa matapishi. Ilikuwa damu, nyekundu na vibonge, ikamtoka mdomoni na puani kwa nguvu, ikamlowesha mkewe kifua, ikafika hadi miguuni mwa Jabiri. Umati ulirudi nyuma hatua tatu. Mwenye mchi akauweka chini polepole.

"Mmemuua," mtu mmoja alisema, naye alikuwa mmoja wa waliokuwa wakipiga.

* * *

Hakufa. Askari wawili walimpeleka hospitali nyuma ya lori la mchanga, mikono imefungwa pingu. Hospitalini walimlaza barazani kwa kuwa wodi ilijaa, wakaifunga pingu moja kwenye chuma cha kitanda. Wagonjwa wengine waliomba vitanda vyao visogezwe mbali. Mwanamke aliyeleta chakula cha mgonjwa wa jirani alimtazama Demetria, mdomo umevimba, gauni limekauka damu, akamuuliza, "Ndiye aliyekufanya hivyo?" Demetria alimvutia Audax shuka. Mwanamke akasonya, akaenda zake.

Wilbert, dresa wa zamu anayemsaidia daktari, alikuwa kijana wa Kichaga mwenye miwani na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Alikishona kichwa cha Demetria nyuzi saba akiwa amesimama pale pale barazani, akafunga na kile kiganja kilichoungua, na huku anashona aliuliza maswali.

"Ulevi anatumia?"

"Hanywi. Waulize kazini kwake."

"Amekulia ziwani?"

"Ukerewe. Baba yake mvuvi, wana na mashamba ya mpunga. Tangu mtoto anashinda majini."

"Kabla ya kuchafuka akili, ulimwona na nini?"

Demetria aliinamisha uso. Wilbert aliacha kushona.

"Mama, hapa sipo kukucheka."

"Choo," alisema kwa sauti ndogo. "Choo chake huwa cheusi. Siku moja, mbili, halafu anakuwa yule mtu. Hii mara ya tatu."

Wilbert aliweka sindano kwenye karai, akaondoka kwa haraka. Alirudi na daktari, Mzungu mzee aliyevuta miguu. Daktari alibonyeza tumbo la Audax kushoto, akabonyeza kulia, akakikunja kiganja chake kuelekea nyuma akakitazama kinavyopigapiga, akanusa pumzi yake. Wakazungumza Kiingereza muda mrefu. Daktari alipoondoka alimwinamia Demetria kidogo, kitu ambacho hakuna Mzungu aliyewahi kumfanyia.

"Amesema wewe ndiye uliyemletea ugonjwa mkononi," Wilbert alisema. "Sikiliza. Nitakueleza kama alivyonieleza mimi."

Aliketi kwenye ukingo wa sakafu ya baraza, akachora mchangani kwa ncha ya mkasi.

"Chakula kikishasagika tumboni, damu inakibeba. Damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Yote, ya matumbo na ya bandama, inakusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa na kupita kwenye ini kwanza. Ini linaichuja, linatoa sumu, ndipo inaruhusiwa kwenda moyoni na kichwani. Umenifuata?"

"Nimekufuata."

"Sasa huko majini mumeo alipata kichocho. Si kile cha mkojo, ni kile cha tumbo. Wadudu wake hutaga mayai, na mayai yanakwama ndani ya ini. Miaka ishirini, ini linafanya makovu, linakakamaa. Damu inafika mlangoni inakuta njia imebana. Nyuma inakuja nyingine, na nyingine. Inasukumana. Bandama linajaa, linavimba. Halafu damu inatafuta vichochoro, na kichochoro kimoja kiko hapa." Alijigusa chini ya koo. "Mishipa myembamba ya umio. Haikuumbwa kwa mzigo ule. Inatutumka, na siku moja unapasuka mmoja. Ukipasuka sana, anatapika kama ulivyoona. Ukivuja kidogo kidogo, damu inateremka tumboni, inasagika kama chakula. Ndicho kile choo cheusi."

"Na wazimu?"

"Damu ni kama nyama, mama. Aliyemeza damu yake ni kama amekula ratili kumi za nyama kwa siku moja. Sumu ya nyama hiyo ilitakiwa kuchujwa na ini. Lakini damu inapita vichochoroni, hailioni ini. Inafika kichwani na uchafu wake wote."

Demetria aliutazama mchoro. "Mbona siku nyingine zote ni mzima? Anapima mbao, anasali, anamfundisha mtoto hesabu."

"Hata mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Ini lina mshipa mwingine, unaotoka moyoni. Damu ya tumboni ikipungua, ini huufungua ule wa moyoni zaidi, lijisaidie. Hivyo linajikongoja, miaka. Lakini akitokwa damu nyingi, moyo wenyewe unakosa cha kupeleka. Ini linanyimwa huku na huku. Hapo ndipo anapokuwa yule mtu."

"Atapona?"

Wilbert alifuta mchoro kwa kiatu. "Ini halitarudi kuwa laini. Siku moja mshipa unaweza kupasuka usizibe. Sitakudanganya. Lakini wazimu unazuilika. Ukiona choo cheusi, siku hiyo hiyo mpe chumvi ya haluli, aharishe damu yote itoke kabla haijasagika. Asile nyama, samaki wala maharage; mpe uji wa sukari tu. Na umlete hapa."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Demetria alifunika uso kwa kanga. Mkanda, koo, jino, mkono wa Mwanakombo. Na dawa ilikuwa ni haluli, inayouzwa katika kila duka la Mhindi.

Siku ya tatu Audax alifumbua macho yenye mtu ndani yake. Alitazama pingu, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Avelina. Nani kakupiga?"

Demetria alikuwa amelingoja swali hilo siku tatu. "Watu," alisema. "Ulipandwa na homa, watu wakadhani kichaa, wakakupiga. Nikapigwa nikikuzuia."

"Washenzi," Audax alisema. Machozi yalimtoka pembeni ya macho, yakateremka masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. "Wakupige wewe. Umewakosea nini?"

* * *

Demetria aliporudi Kinondoni kuchukua nguo alikuta vyombo vyao viko nje. Kitanda kimesimamishwa ukutani, magodoro juani, picha ya Bikira Maria imewekwa juu ya kinu. Jabiri alikuwa na shoka. Mbele yake lilikuwapo sanduku la zana za Audax, na tayari alikuwa amelipasua kifuniko.

"Jabiri, kaka yangu, hizo ndizo ugali wetu."

"Na mkono wa dada yangu ulikuwa ugali wa nani?" Alishusha shoka. Randa lilipasuka vipande viwili. "Mume wako atafungwa. Keshokutwa kwa Liwali. Nitasema alivyotoka na rungu akatukuta tunapika."

"Ni mgonjwa. Ini lake limeziba, damu inapanda..."

"Ini!" Jabiri alicheka kwa hasira, akawageukia majirani. "Mwanamme anavunja watu mikono, mnasikia? Ini!"

Wakacheka. Demetria alilishika shoka mpini. Jabiri alimsukuma, naye akarudi, akalishika tena, na safari hii akamng'ata kuli yule kifundo cha mkono mpaka akaachia. Jabiri alimpiga kofi lililofungua nyuzi za Wilbert. Damu ikamwingia jichoni. Demetria hakuondoka, alikaa juu ya sanduku lililovunjika, akalikumbatia shoka kama mtoto.

"Jabiri."

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye hogo jeupe la plasta, uso umemkauka kwa kukosa usingizi. Avelina alikuwa ameshika upindo wa kanga yake. Tangu Jumamosi mtoto alikuwa analala kwake.

"Dada, huyu..."

"Mwanamke huyu kapigwa vya kutosha. Vyombo virudi ndani."

"Dada, yule mtu kakuvunja mkono!"

"Mkono wangu nimeuona. Sikukuuliza habari za mkono." Alimgeukia Demetria, na sauti yake haikuwa laini. "Na wewe. Ulijua?"

Demetria alifuta damu jichoni. "Nilijua kinakuja. Sikujua ni nini."

"Ukakaa kimya. Nyumbani mwangu. Kuna watoto wanane humu."

"Niliona haya, Mama."

"Haya," Mwanakombo alirudia. Aliutazama mkono wake. "Haya yako hii hapa, mie nimeivaa."

Akaingia ndani. Jabiri alirudisha kitanda, akikiburuza kwa makusudi ili miguu yake ikwaruze sakafu.

* * *

Baraza la Liwali lilijaa. Kesi za kupigana zilipendwa na watu, na habari ya mpangaji aliyemvunja mwenye nyumba mkono ilikuwa imefika hadi Magomeni. Liwali, mzee wa kanzu na koti jeusi, alisikiliza huku ameshika tasbihi. Audax alisimama kati ya askari wawili, dhaifu, nguo zinamning'inia. Jabiri alieleza kila kitu, na hakuongeza neno. Haikuhitajika.

Halafu Wilbert alisoma barua ya daktari, akiigeuza kwa Kiswahili. Liwali alitikisa kichwa.

"Nielewe. Mnasema alipofanya haya hakuwa na akili?"

"Hakuwa nazo, Bwana Liwali."

"Basi ni mwendawazimu. Na mwendawazimu simfungi mie. Naandika kwa Bwana DC, anapelekwa bara kwenye nyumba ya vichaa. Harudi mpaka waseme amepona. Wewe barua yako inasema ini halitapona."

Wilbert alikunja barua. Demetria aliona kilichotokea: barua iliyokuja kumwokoa mumewe ilikuwa inamzika. Aliinuka bila kuitwa.

"Si mwendawazimu, Bwana Liwali. Wazimu una siku zake, na mimi nazijua kabla hazijafika."

"Unazijua kwa kitu gani? Una elimu ya nyota?"

"Kwa choo chake."

Kicheko kilianzia nyuma, kikapita barazani kama upepo. Karani aliinua kalamu. "Niandike nini, Bwana?"

"Andika alivyosema," Liwali alisema. "Endelea. Choo kinakuwaje?"

Demetria alikuwa mwanamke ambaye hata neno mimba hulisema kwa mafumbo mbele ya wanaume. Alisimama mbele ya watu mia, kichwa kimefungwa bandeji, akaeleza. Rangi. Harufu. Jinsi kinavyonata kwenye debe. Idadi ya siku. Mtu mmoja aliigiza sauti ya tumbo, watu wakacheka tena, askari akapiga kitako cha bunduki sakafuni. Demetria aliendelea. Alieleza haluli na uji. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

"Mara tatu, umesema," Liwali alisema. "Mara hizo nyingine mbili alimpiga nani?"

Demetria alimtazama Audax.

"Nakuuliza."

"Mimi."

Audax aliinua kichwa.

"Kwa kitu gani?" Liwali aliuliza.

"Kwa mkanda mara ya kwanza. Mara ya pili alinikaba koo. Na Jumamosi hiyo alinipiga mimi kwanza, kwa komeo, kabla ya Mama Mwanakombo."

"Kwa nini hukumshtaki?"

"Kila nilipotaka kumshtaki aliyenipiga, Bwana Liwali, sikumkuta. Aliyeamka alikuwa mume wangu."

Hakuna aliyecheka. Audax alikuwa anamtazama mkewe, bandeji, pengo la jino.

"Uliniambia ni watu," alisema. "Bwana Liwali, aliniambia ni watu." Alijaribu kumsogelea, askari wakamvuta. Akapiga magoti pale sakafuni. "Nimewatukana bure. Ni mimi. Nifungeni. Nipelekeni huko kwa vichaa, msinirudishe. Demetria, nilikukaba kwa mkono upi? Niambie, waukate huo!"

Alianza kuupigapiga mkono wake wa kulia kwenye ukingo wa jukwaa la saruji, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ngozi ilichanika pigo la pili. Ilibidi askari wote wawili wamlalie, na watu wa mbele walisimama, wengine wakageuza nyuso.

Mwanakombo ndiye aliyemaliza. Aliinuka polepole akiushikilia mkono wake.

"Bwana Liwali, na mie nipewe kusema."

"Sema, mama. Mkono ni wako."

"Kwa vichaa, nani atamtazamia debe? Jela, nani? Askari? Wataona cheusi, watamwaga, na kesho yake ataua mtu huko, au watamuua yeye. Anayejua siku zake ni huyu mwanamke peke yake. Lakini mie nyumbani kwangu sitaki haya tena, sitaki siri. Siku hiyo ikifika, wapangaji wote waambiwe, na mtu huyu afungwe kamba kabla jua halijapanda. Mwenyewe akubali hapa, mbele yako."

Liwali alisogeza punje za tasbihi. "Umekubali, fundi?"

"Nimekubali," Audax alisema, shavu likiwa bado sakafuni.

"Mpaka mkono wa mama huyu upone, kazi za mkono huo ni zako. Maji, kuni, kutwanga. Jabiri atashuhudia kamba. Akiumia mtu mmoja tu tena, hata kwa ukucha, naandika kwa Bwana DC." Akamtazama karani. "Na ile habari ya choo uiache kama ilivyo. Usiisafishe."

* * *

Kinondoni nzima walimwona fundi Audax akisimama kwenye foleni ya bombani kati ya wanawake, mzega wa madebe mawili begani. Walimwona akitwanga mpunga wa Mwanakombo. Wanawake walimwachia nafasi mbele ya foleni, kwa kumcheka kwanza, baadaye kwa mazoea. Jabiri hakumsalimu kwa miezi minne, ila siku moja aliacha randa jipya mlangoni kwake, bila kugonga.

Mwezi wa Oktoba, siku ya Ijumaa asubuhi, Audax alirudi kutoka chooni akiwa ameshikilia ukuta.

"Mama Avelina," aliita kwa sauti iliyosikika vyumba vyote sita. "Ni cheusi. Leteni kamba."

Avelina alipelekwa kwa majirani. Jabiri alikuja na kamba ya katani ya bandarini, na Demetria alimviringishia mumewe vipande vya kanga kuukuu vifundoni ili isimkate. Audax alilala mwenyewe, akanyoosha mikono, akanywa haluli vijiko vitatu akikunja uso. "Kaza," alimwambia Jabiri. "Hapo umelegeza. Kaza kama unanichukia."

"Nakuchukia," Jabiri alisema, akakaza.

Yule mtu alikuja adhuhuri, mapema kuliko walivyotazamia. Kwanza viganja vilianza kupigapiga juu ya mbao za kitanda, kisha macho yakabadilika. Alinguruma, akavuta, kitanda kikaruka kutoka ukutani. Alimwita mkewe malaya, mchawi, mwizi wa mtumbwi. Alimweleza Demetria kwa utulivu jinsi atakavyompasua kwa patasi, akianzia wapi na kuishia wapi, kama anayeeleza kazi ya dirisha. Demetria alimsogezea kijiko kingine. Audax alimng'ata kidole mpaka mfupani. Jabiri alimbana taya kwa mikono miwili kumfungua, kisha mkono mmoja ukakunjwa ngumi.

"Usimpige," Demetria alisema, damu inamtiririka kiwikoni. "Mshike tu."

Jabiri alikunjua ngumi. Mwanakombo, mlangoni, alikuwa anasoma dua kwa sauti, na hogo lilikuwa limeshaondoka lakini mkono wake ulibaki umepinda kidogo.

Haluli ilifanya kazi. Demetria na Jabiri walimsafisha pamoja, mara tano, mara sita, kuli mwenye mabega mapana akigeuza uso pembeni na kumimina maji. Cheusi, cheusi, kisha kahawia, kisha maji. Hapakuwa na la kuona haya tena chumbani mle. Damu mpya haikutoka. Alipolala hatimaye, Wilbert aliletwa, akampima mapigo, akasema wamfungue akiamka na kulitaja jina lake.

Aliamka Jumamosi, jua limeshapanda. Alijaribu kujigeuza, kamba ikamzuia. Alitulia, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mimi ni Audax," alisema. "Nimempiga nani?"

"Hukumpiga mtu."

"Demetria. Usinifiche."

Alimwonyesha kidole kilichofungwa kitambaa. "Umening'ata. Basi. Wengine wote wazima."

Audax alilia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa, Jabiri ndiye aliyemfuta uso, kwa ncha ya shati lake, vibaya vibaya.

"Umenitukania mama tangu jana adhuhuri," Jabiri alisema akianza kufungua fundo. "Marehemu huyo. Hujamwacha hata kaburini."

Walimpeleka hospitali alasiri hiyo, akalazwa siku nane. Wilbert aliwarudia maneno yale yale: mshipa unaweza kupasuka mwaka huu, unaweza kungoja miaka kumi. Demetria alisikiliza, akauliza haluli inauzwa kwa wingi wapi.

Siku Audax aliporudi karakana, joto lilikuwa kali na mafundi wote walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Naye alikunja yake. Alama za kamba zilikuwa bado kwenye vifundo vyote viwili, michirizi ya zambarau iliyoanza kubambuka. Fundi mmoja alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga.

"Audax, hizi vipi? Ulikamatwa?"

Karakana ilinyamaza, misumeno ikasimama.

"Alinifunga mke wangu," Audax alisema. "Jirani akamsaidia."

Vicheko vilipasuka pande zote. Mmoja aliegemea meza akishika mbavu, mwingine akauliza kama anapikiwa kabla ya kufungwa au baada. Audax aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Hakushusha mikono ya shati. Alichagua ubao, akaufumbia jicho moja kutazama kama umenyooka, akaubana mezani, na kuanza kupiga randa.